Safari ya mlima mrefu: tukubaliane nini kabla ya kuondoka

Maneno tuliyosema mbele ya viongozi na familia zilizokimbia makwao, Omate, Walikale

Asanteni kwa kuacha kazi za shamba na za mashimo kwa nusu siku. Tunajua kwamba kwa nyumba nyingi hapa nusu siku ni fufu na sombe za jioni, kwa hiyo tutaingia moja kwa moja katika jambo lililotuleta.

Vijana wa vikundi vya mazungumzo wametuandikia ombi kwenye karatasi ya daftari. Wanataka kupanda mlima Ruwenzori hadi juu kwenye barafu, na wanataka kupanda pamoja: watoto wa Bahunde na wa Bahutu, wa Batutsi na wa Banyanga, wa Batembo, wa Bakano na wa Bakumu, wasichana kwa wavulana. Wanaomba mwaka mmoja wa kujitayarisha na wiki moja ya kuwa mlimani. Hawaombi kuondoka kesho. Wanaomba ruhusa ya kupanga.

Tulipolitaja ombi hili mara ya kwanza, mzee mmoja alituuliza kama kuna mlima wowote kati ya Sake na Walikale ambao watu wake hawajaupanda usiku, mtoto mgongoni, bila hata kuuliza jina lake. Mama mmoja akauliza kama pesa za safari haziwezi kuwa unga. Maswali yote mawili ni ya haki. Swali la mama lina jibu la ofisini: pesa za chakula ziko kwenye mfuko wake, pesa za vijana kwenye mfuko mwingine, na mfadhili hakubali zihamishwe. Jibu hilo ni la kweli lakini halishibishi mtu, na hatutalitegemea. Tutawaeleza safari yenyewe ilivyo, mpime wenyewe kama inastahili gharama yake. Swali la mzee tutalirudia, maana ndilo zito zaidi.

Kwanza tuujue mlima. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Vilima vya malisho vya Masisi vinapita mita 2,000, na ninyi mliozaliwa huko mnakumbuka baridi ya alfajiri ambayo watu wa hapa msituni hawaijui. Nyiragongo, ile inayowaka usiku juu ya Goma, ina mita 3,470. Kilele cha Margherita, kirefu kuliko vyote vya Ruwenzori, kina mita 5,109. Ni mlima wa tatu kwa urefu katika Afrika nzima, baada ya Kilimanjaro wenye mita 5,895 na Mlima Kenya wenye mita 5,199. Mpaka wa nchi yetu na Uganda unapita huko juu. Kwa hiyo ni mlima wa jimbo letu hili hili la Kivu ya Kaskazini, ingawa wengi wetu tumeusikia tu katika somo la jiografia.

Kwa nini wasichague mlima wa karibu? Tuliwauliza, na jibu lao ndilo lililotufanya tulichukue ombi kwa uzito. Walisema kwamba kila kilima cha Masisi kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana mwingine anayesema si chake. Ukipanda kilima na kikundi chenye watu wa kila upande, kabla hamjafika juu watu wa chini wameshaanza kuuliza mmekwenda kupima nini: malisho, shamba, au mgodi? Vijana hawa wengi hawakuwa wamezaliwa Machi 1993, damu ilipomwagika soko la Ntoto, lakini wamekulia ndani ya ubishi ule ule wa ardhi. Sasa Ruwenzori hakuna mtu wa Masisi wala wa Walikale anayeidai. Wenye mlima ni Wanande wa Mutwanga kwa upande wetu, na ndugu zao Wakonzo kwa upande wa Uganda. Huko vijana wetu wote wangekuwa wageni kwa kipimo kimoja. Katika kazi hii ya upatanishi tumekaa kwenye mikutano mingi ya kuchagua mahali pa kukutana, na ni mara chache tumesikia hoja ya mahali iliyofikiriwa vizuri namna hiyo na watu wazima.

Njia ya upande wa Kongo huanzia Mutwanga, kwenye kituo cha Hifadhi ya Virunga kiitwacho Mutsora. Siku ya kwanza ni mashamba, kisha msitu, hadi kibanda cha Kalonge kwenye mita 2,100 na kidogo. Siku ya pili ni mianzi, mizizi na matope hadi Mahangu, kama mita 3,300. Siku ya tatu mtu anaacha miti aliyoizoea, anaingia kati ya mimea yenye ndevu na lobelia zilizo ndefu kuliko yeye, hadi Kiondo, juu ya mita 4,200. Mbele ya hapo ni kibanda cha Moraine, karibu na barafu, na kutoka huko watu huondoka gizani kwenda kileleni. Barafu yenyewe si ile aliyoikuta mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, alipofika juu mwaka 1906 kutoka upande wa Uganda. Imepungua sana kwa sababu ya joto la dunia, na mahali ambapo zamani watu walitembea juu ya theluji sasa wanakuta mwamba mtupu unaoteleza.

Juu ya barafu watu hufungwa kamba moja, watatu au wanne, kila mmoja na mkanda wake kiunoni na meno ya chuma chini ya viatu. Akiteleza mmoja, wengine hujitupa chini na kukaza kamba. Mnaoshuka kwenye mashimo marefu mnajua maana ya kumkabidhi mtu mwingine kamba. Wapo wageni wanaopenda sana picha hii, vijana wa makabila yaliyopigana wamefungwa kamba moja, na wanaona kwamba amani imekwisha kupatikana hapo. Sisi hatuoni hivyo. Kamba huleta ubishi kwanza: nani atangulie, nani anavuta, nani anachelewesha wenzake. Tunawaomba msikubali safari hii kwa ajili ya picha hiyo.

Sasa tuje karibu zaidi na nyumbani, kwa sababu kuna jambo lililotokea katika milima ya Virunga ambalo kila anayepanga safari kama hii lazima alijue.

Mwaka 1908, wakati wa msafara wa mwanamfalme wa Kijerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mtaalamu wa mawe aitwaye Egon Kirschstein alikuwa akipima volkeno za Virunga. Alikuwa kwenye Karisimbi, mlima wa mita 4,507 ulioko mpakani mwa Kongo na Rwanda. Msafara wake ulikamatwa na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji katika uwanda wa kreta, mahali penye maji na tope. Wabebaji wake 20 walikufa kwa baridi. Hawakuanguka kwenye jabali, hawakuliwa na mnyama, hawakupigwa risasi. Walilowa, wakapoa, wakakaa chini, na waliokaa chini hawakuinuka.

Jina la mtaalamu limo vitabuni. Ya wale 20 hatuyasikii.

Tuliangalie tukio hili kama watu wanaopanga safari. Karisimbi iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, siyo Ulaya. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6, kwa hiyo hata jua la kwetu halitoshi huko juu. Tena mtu aliyelowa hufa kwa baridi hata pasipo theluji. Hili mama wa Masisi mnalijua kuliko sisi. Mmelala porini kwenye vilima vya mita 2,000 na zaidi, na mvua, na watoto wadogo, na nguo moja. Mnajua kwamba kinachomwokoa mtoto usiku ule ni nguo kavu iliyofichwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mwili wa mtu mwingine pembeni yake, na chai ya moto au uji ikiwezekana. Wapanda milima wa Ulaya wameandika vitabu juu ya jambo hilo hilo. Vijana wetu wakiitayarisha safari, walimu wao wa kwanza wa baridi wawe mama hao, na tunapendekeza walipwe kama walimu.

Lakini hali ya hewa ni sehemu moja tu ya kifo cha wale 20. Sehemu nyingine ni kwamba mwenye mzigo mgongoni si yeye aliyeamua kwenda, wala si yeye mwenye haki ya kusema turudi. Hapa ndipo tunarudi kwa swali la mzee.

Katika chumba hiki wako watu waliobebeshwa. Hatutawataja, na hatutasema waliobebesha walikuwa wa upande gani, maana kila upande umebebesha. Mtu anakamatwa njiani akitoka sokoni, anawekewa sanduku la risasi au gunia la unga mgongoni, anaambiwa tembea. Hajui anakwenda wapi wala atarudi lini. Akichoka anapigwa. Kwa mtu wa namna hiyo, kusikia kwamba kijana wake anataka kubeba mzigo kupanda mlima kwa hiari yake ni kama kusikia amerukwa na akili. Vijana wenyewe wameliona hilo. Mmoja wao alishabebeshwa akiwa na miaka 15, na ndiye aliyesisitiza kwamba sheria za mizigo ziandikwe kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo tulitafuta wengine wanafanyaje. Kilimanjaro, upande wa Tanzania, wabebaji ni maelfu, na hifadhi imeweka kikomo: mbebaji mmoja habebi zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani getini. Mjini Moshi kuna shirika la kuwasaidia wabebaji, lililoanza mwaka 2003, ambalo huwaazima bure nguo za baridi na viatu. Tusidanganyane kwamba kila kampuni inafuata sheria. Wapo wanaoficha mizigo hadi wapite geti, kisha wanawapakia watu tena mbele. Lakini mizani ipo, sheria ipo, na mbebaji anajua ni lini ameonewa.

Kilo 20 ni nini? Ni bidoni moja ya maji ya litre 20 iliyojaa, na kila nyumba hapa inalo. Mama zetu hupita kipimo hicho kila siku ya soko, kamba kichwani na mihogo mgongoni, na hakuna anayewapimia. Vijana wamependekeza hivi: wabebaji na waongozaji watakuwa watu wa Mutwanga, walipwe kwa mikono yao wenyewe mbele ya wote, na wawe na nguo sawa na za wanaowaongoza. Hakuna atakayebeba zaidi ya bidoni moja, hata akiomba mwenyewe kwa kutaka malipo mara mbili. Na kila kijana atabeba mfuko wake, karibu nusu bidoni, na hamkabidhi mwenzake isipokuwa ameumwa. Sheria hii ya mwisho waliibishania jioni nzima. Wavulana walitaka kuwabebea wasichana. Wasichana walikataa, wakasema kwamba ukishabebewa mzigo unaambiwa pia unyamaze.

Juu ya ugonjwa wa mlima tutasema kwa ufupi, kwa sababu muuguzi atakuja kuueleza vizuri. Karibu na mita 5,000 pumzi moja inaleta kama nusu ya hewa nzuri inayoletwa na pumzi hiyo hiyo pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukishapita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya mahali ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Mkilinganisha na vibanda nilivyotaja, mtaona kwamba kutoka Mahangu hadi Kiondo kwa siku moja ni kuruka mno. Kwa hiyo siku za vijana wetu lazima ziongezwe, na gharama zitaongezeka, na tumewaambia hivyo. Kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula na kichefuchefu ni onyo: hapo hupandi tena hadi yaishe. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kusema maneno yasiyoeleweka, au kukohoa na kuhema hali amekaa, hapo hakuna kungoja asubuhi. Anateremshwa usiku huo huo. Ziko dawa, lakini dawa iliyo hakika ni kushuka. Na ugonjwa huu hauangalii nguvu. Mara nyingi unamkamata kijana shupavu anayekimbia mbele, unamwacha mzee anayekwenda pole pole.

Baba zetu na mama zetu, hapa tunafika kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo tulilokuja kuwauliza.

Tuseme wako juu, Kiondo. Kijana mmoja anaumwa usiku. Kiongozi anaamua wote washuke, na kilele hakifikiwi. Habari inafika huku kwa simu, nusu nusu, kama zinavyofika habari zote. Kabla ya jua kutua, kambini watu wa upande mmoja wanasema: mtoto wetu alipewa kitu katika chakula. Watu wa upande mwingine wanasema: wametuharibia safari kwa makusudi. Na tukiendelea kusema kweli yote, kuna lililo baya kuliko hilo. Mlima unaweza kuua. Umewaua watu waliokuwa na vifaa vizuri kuliko vyetu. Kijana mmoja akifa kule, je, kifo chake kitabaki kifo cha mlima, au kitageuka kifo cha kabila?

Tumeona hapa kwetu ng'ombe mmoja aliyekufa porini akawa sababu ya kuchoma nyumba. Tumeona ajali ya pikipiki ikawa vita ya vijiji viwili. Kwa hiyo hatuwezi kupanga viatu, kamba na biskuti, tukaacha kupanga jambo hili. Sisi tunaona kwamba kama viongozi hamwezi kulikubali mapema, mbele ya watu, basi safari isifanyike, hata kama pesa zipo na vijana wako tayari. Ni afadhali tuwavunje moyo sasa kuliko kurudisha maiti mahali ambapo watu wanatafuta sababu.

Na kama mnaweza kulikubali, basi kuna mambo ya kuandika. Saa ya kurudi ni mojawapo. Siku ya kilele, wakifika saa tano asubuhi hawajafika juu, wanageuka, hata kama kilele kinaonekana. Saa hiyo itajulikana na wazazi wote tangu leo, ili asije mtu akasema fulani ndiye aliyetugeuza. Neno la mwongozaji wa Mutwanga ni la mwisho, na yeye si wa upande wowote wa kwetu. Lakini pia kijana yeyote, hata aliye mdogo, akisema siwezi, hasukumwi wala kuchekwa. Hashuki peke yake, na hashuki na wa kabila lake tu. Anateremka na mwongozaji na mwenzake mmoja wa upande mwingine, ili waliomwona akiumwa wawe mashahidi wa pande mbili.

Habari pia zipangwe. Kila jioni penye mtandao utumwe ujumbe mmoja, uliosomwa na kukubaliwa na vijana wawili wa pande tofauti, uje kwa simu moja iliyowekwa hapa kwa mwalimu. Usomwe kwa sauti mbele ya wazazi wote kwa wakati mmoja. Mtu asimpigie mjomba wake pembeni. Pasipo na mtandao, na huko juu mara nyingi haupo, wazazi wajue mapema kwamba siku mbili za kimya si habari mbaya.

Sasa, lini? Hatuna tarehe, na tusingependa mtu aondoke hapa akisema tumetoa tarehe. Watalii walipanda Nyiragongo kutoka Kibati kwa miaka mingi, wakalala juu na kushuka kesho yake. Lakini Mei 2018 mlinzi mmoja wa hifadhi aliuawa na wageni wawili Waingereza wakatekwa, wakaachiliwa baadaye, na hifadhi ikasimamisha utalii hadi Februari 2019. Machi 2020 ukasimama tena kwa sababu ya korona. Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23, Februari kambi za pembeni ya mji zikavunjwa, na wengi wenu mlitoka huko mkiwa na mnachoweza kubeba tu. Machi mwaka huo vita vikafika hadi Walikale-centre. Upande wa Beni, ulipo mlima wenyewe, mauaji yaliyoanza mwaka 2014 yamewakimbiza watu wa mashamba yale yale ya chini ya Ruwenzori, na barabara ya Kasindi imeshambuliwa mara nyingi. Msimamo wetu ni mmoja: hatupeleki kijana yeyote mahali ambapo wenyeji wanapakimbia. Siku watu wa Mutwanga wenyewe, na walinzi wa hifadhi, watakapotuambia njoni, ndipo tutahesabu siku.

Wapo waliosema tupite Uganda. Inawezekana kupanda kutoka Kasese, kwa njia ya Nyakalengija au ya Kilembe, katika hifadhi iliyoundwa mwaka 1991, na safari huchukua kama siku saba hadi tisa. Lakini mvuka mpaka anataka karatasi ya kusafiria, na wengi wa vijana hawa kadi zao ziliungua pamoja na nyumba. Tunaliweka pembeni, hatulifungi. Hata kama safari haitafika popote, kuwatafutia vijana karatasi zao ni kazi ambayo ingefaa kufanyika, na tumeianza.

Tukikubaliana, kinachoweza kuanza sasa ni mazoezi, kwa sababu hayo hayangoji mtu asaini amani. Hapa Omate tuko chini, msituni, na hatuwezi kuuzoeza mwili hewa ya juu. Lakini miguu, mgongo na uvumilivu vinaweza kuzoezwa hapa: kutembea saa nne na nusu bidoni mgongoni, kupika kwa zamu kwa sufuria moja, kulala chini ya bashi moja mvua inaponyesha. Tena kuanza kwa mwendo wa aliye wa mwisho. Kikundi kitapangwa ili aliye taratibu kuliko wote atangulie, na wengine wamfuate. Tulijaribu kuwaeleza vijana sababu, lakini walituambia kwamba familia zinazokimbia na bibi zao zinalijua hilo tayari.

Kwa hiyo ombi letu kwenu ni hili. Zungumzeni kila jamii peke yake, halafu kaeni pamoja, machifu na kamati. Msitupe jibu juu ya kilele. Tupeni jibu juu ya lile swali la habari mbaya: je, mko tayari kusimama pamoja mbele ya watu, waliofiwa na wasiofiwa, na kusema neno moja? Wazazi wa kijana mmoja mmoja nao waseme ndiyo au hapana bila kushinikizwa na jirani, na atakayesema hapana mtoto wake asiitwe mwoga.

Tutarudi baada ya wiki mbili kusikia. Mkisema hapana, tutawaambia vijana sisi wenyewe, msibebe lawama hiyo. Mkisema ndiyo, matembezi ya kwanza ni Jumamosi inayofuata, na kila kijana aje na bidoni lake. Mizani tutaileta sisi.

Sasa tunasikiliza.